Jinsi ya Kuchora Mandhari ya Ndoto kwa Kuongozwa na Maumbile na Wanyama

Mara ya kwanza nilipojaribu kuchora mandhari ya ndoto, nilijaza katika kanvasi moja miezi miwili, farasi mwenye mabawa, uyoga unaowaka gizani, maporomoko ya maji yanayoshuka kutoka mawinguni na mti wenye uso wa mtu. Kila kimoja nilikichora kwa uangalifu, lakini picha nzima ilifanana na kasha la peremende, na hakuna aliyeitazama kwa zaidi ya dakika moja, nikiwemo mimi mwenyewe. Ilinichukua muda kutambua kosa lilipokuwa. Ndoto inayomkaa mtu moyoni hadi mchana huwa ni ya chumba kile kile anachokijua, chenye kitanda kile kile na mlango ule ule, ila dirisha lake limefunguka baharini. Pale ambapo kila kitu ni cha ajabu, jicho halina pa kusimama likashangaa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni iliyotokana na kosa hilo: vunja sheria moja tu ya maumbile, kisha zitii nyingine zote kwa ukali zaidi kuliko anavyozitii mchoraji wa mandhari ya kawaida. Ili hatua zieleweke, tutafuata picha moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni ya korongo watatu warefu kuliko miti wanaovuka bonde lenye maji ya kina kifupi wakati wa alfajiri. Sheria inayovunjwa ni ya ukubwa. Ukungu, mwanga, maji, mifupa ya ndege na matawi ya miti vitabaki kama vilivyo duniani. Ukitaka kuweka mnyama mwingine na mahali pengine, fanya hivyo bila wasiwasi, kwa kuwa utaratibu hautabadilika.

Kukusanya kabla ya kubuni

Mchoraji Mfaransa Henri Rousseau anajulikana kwa picha zake za misitu minene yenye simba, nyani na maua makubwa kuliko vichwa vya watu, ilhali hakuwahi kutoka nje ya Ufaransa. Mimea yake aliitazama katika bustani ya Jardin des Plantes mjini Paris, na ndipo alipoweza kuikuza, kuisongamanisha na kuipanga upya bila kupoteza ukweli wa jani moja moja. Mchoraji wa mandhari ya ndoto anahitaji ghala la namna hiyo kuliko mchoraji mwingine yeyote, kwa sababu hatakuwa na mahali halisi pa kwenda kutazama pindi atakapokwama.

Tenga wiki mbili, uwe na daftari dogo na penseli, na uchore ukurasa mmoja kila siku ukiwa mbele ya kitu chenyewe. Usichore mandhari kamili. Chora namna tawi linavyotoka kwenye shina, namna ukungu unavyoumeza mguu wa kilima huku kilele kikibaki wazi, namna ndege anavyobeba uzito wake kwa mguu mmoja. Kando ya kila mchoro andika rangi kwa maneno, kwa mfano kwamba kivuli cha mti kilikuwa na zambarau kuliko ulivyodhani. Picha za simu zinasaidia, lakini zisiwe msingi pekee, kwa kuwa mara nyingi kamera hugeuza vivuli kuwa vyeusi tupu, wakati jicho huona ndani yake bluu, kijani na kahawia.

Kuhusu mnyama, anza na mifupa. Watu wengi huamini kwamba goti la korongo hujikunja kuelekea nyuma, na wakishachora kwa imani hiyo ndege wao huonekana amevunjika. Kiungo kile kinachoonekana katikati ya mguu mrefu ni kifundo, sawa na kifundo cha mguu wa binadamu. Goti lenyewe limefichwa juu, karibu na mwili, chini ya manyoya. Kwa farasi, hali ni hiyo hiyo: kile kinachoitwa goti la mguu wa mbele ni kifundo cha mkono, na kona ile ya mguu wa nyuma ni kisigino. Ukishajua hili unaweza kurefusha mguu mara kumi, na bado mtazamaji akaamini kwamba unatembea. Shingo nayo ina siri zake. Katika jamii hii ya ndege wenye miguu mirefu, wapo wanaoikunja kwa umbo la herufi S wanaporuka, na wapo wanaoinyoosha mbele moja kwa moja. Amua mapema ndege wako ni wa kundi gani, wala usichanganye.

Kama utachagua mnyama mwingine, angalia pia macho. Wanyama wanaowindwa kwa kawaida huwa na macho pembeni mwa kichwa, na wanaowinda huwa nayo mbele. Mbuzi na kondoo wana mboni za kulala, paka ana mboni za kusimama. Kiumbe wa kubuni mwenye macho ya pembeni na mboni za kulala ataonekana mpole hata ukimpa meno makali, na mgongano huo unaweza kuwa ndiyo ndoto yenyewe. Ukitaka kumpa mabawa mnyama wa miguu minne, kumbuka kwamba bawa ni mkono, hivyo litahitaji bega lake na misuli yake ya kifua. Mabawa yaliyobandikwa mgongoni kama kipande cha karatasi ndiyo yaliyoniharibia farasi wangu.

Miti ina kanuni moja ya kuikariri. Leonardo da Vinci alibainisha kwamba unene wa matawi yote ya mti katika kimo chochote, yakikusanywa pamoja, hulingana na unene wa shina lake. Si sheria kamili kwa kila mti, lakini inatosha kumzuia mchoraji asitoe tawi nene kutoka shina jembamba, kosa ambalo jicho hulihisi hata kama mtu hawezi kulitaja.

Kuchagua sheria ya kuvunja

Ukubwa ni sheria moja kati ya nyingi. Unaweza kuvunja sheria ya chanzo cha mwanga, kama alivyofanya René Magritte katika picha zake za nyumba iliyo gizani, taa ya barabarani ikiwaka, chini ya anga ya mchana yenye mawingu meupe. Kila nusu ya picha ni ya kawaida kabisa, na ajabu inatokea pale zinapokutana. Unaweza kuvunja sheria ya rangi, kama Franz Marc aliyechora farasi wa bluu mwaka 1911, huku umbo la farasi likibaki thabiti. Unaweza pia kuvunja sheria ya uzito, ya majira au ya kile ambacho kitu kimeumbwa nacho: mto wa ukungu, ganda la konokono lililo jabali. Andika sheria uliyoichagua kwa sentensi moja nyuma ya kanvasi. Inaonekana jambo dogo, lakini siku ya tatu, utakapotamani kuongeza mwezi wa pili, sentensi hiyo itakukumbusha ulichoahidi.

Kwa picha yetu kuna uamuzi mmoja wa ziada. Mwanasayansi Galileo Galilei alieleza mwaka 1638 kwamba mnyama akikuzwa, uzito wake huongezeka haraka kuliko nguvu za mifupa yake, na kwa hiyo kiumbe kikubwa sana hawezi kuwa na miguu myembamba kwa uwiano ule ule wa mdogo. Ukimtii Galileo, korongo wako watakuwa na miguu minene kama minara, na picha itaelekea kwenye uzito na kishindo. Ukimpuuza, miguu itabaki myembamba na ndege watapita kimya. Salvador Dalí alichagua njia ya pili katika picha yake ya mwaka 1946 ya majaribu ya Mtakatifu Antoni, ambamo tembo wanatembea juu ya miguu mirefu kama ya buibui. Mimi pia naipendelea, kwa sababu katika ndoto vitu vikubwa havitoi sauti.

Michoro midogo na mizani ya mwanga

Kabla ya kugusa kanvasi, chora mistatili kumi ya sentimita 5 kwa 7, ambayo ina uwiano sawa na kanvasi ya sentimita 50 kwa 70 iliyosimama wima. Ndani ya kila mstatili panga picha kwa viwango vitatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu na giza. Fanya haraka, dakika tano kwa kila mmoja, na usikubali ule wa kwanza hata ukikupendeza, kwa kuwa wazo la kwanza mara nyingi ni lile tulilokwisha kuliona kwa wengine.

Ukubwa hauzaliwi na kumchora mnyama akijaza kanvasi. Twiga aliyejaza ukurasa ni twiga aliye karibu, basi. Hisia ya ukubwa hutokana na mambo ambayo mtazamaji huyapima bila kujua. Kwanza, upeo wa macho uwe chini, takriban moja ya tano kutoka ukingo wa chini, ili mtazamaji ajione amesimama ardhini akitazama juu. Pili, pawe na kipimo kinachojulikana karibu na miguu: swala wanne wanaokunywa maji, kila mmoja asiyezidi sentimita moja na nusu, watafanya kazi kubwa kuliko maelezo yoyote ya manyoya. Tatu, pawe na hewa inayoonekana kati ya sehemu moja ya mnyama na nyingine, kwa hiyo mkanda wa ukungu ukikata miguu katikati, mtazamaji atalazimika kuiunganisha mwenyewe, naye ataiunganisha kwa urefu kuliko ulivyothubutu kuichora. Nne, korongo watatu wawe na ukubwa usiolingana, na angalau wawili wapishane, mmoja akimfunika mwenzake kidogo.

Ukishapata mchoro unaokuridhisha, andaa mizani ya viwango vitano kutoka nyeupe hadi nyeusi na uamue kila sehemu itakaa kiwango gani. Picha ya ukungu hukaa zaidi katika viwango vya kwanza na vya katikati. Cha tano kitumike kidogo sana, na mahali pa mbele tu. Ukiharibu mpango huu, hakuna rangi nzuri itakayoiokoa picha.

Rangi na vifaa

Ninapendekeza rangi za akriliki kwa anayeanza, kwa kuwa hukauka upesi, huruhusu matabaka mengi kwa siku moja na husafishwa kwa maji. Rangi za mafuta hutoa mipaka laini kwa urahisi zaidi, lakini zinadai subira. Ukitaka kuchanganya njia mbili, anza na akriliki na umalizie kwa mafuta, kamwe si kinyume chake, kwa kuwa akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta.

Rangi sita zinatosha. Majina hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini alama ya pigmenti, yaani ya unga unaoipa rangi hiyo rangi yake, iliyochapwa kwenye mrija haibadiliki, hivyo nunua kwa alama: nyeupe ya titani (PW6), bluu ya ultramarini (PB29), bluu ya fthalo (PB15), majenta ya kwinakridoni (PR122), oka ya manjano (PY43) na amba ya kuchomwa (PBr7). Nyeusi haihitajiki. Ultramarini ikichanganywa na amba ya kuchomwa hutoa giza zito ambalo unaweza kulielekeza kwenye bluu au kahawia, na likiongezwa nyeupe hutoa vijivu vyote vya ukungu utakavyohitaji. Fthalo itumie kwa tone dogo, kwa sababu ina nguvu ya kumeza kila kitu kilicho karibu nayo.

Upate pia brashi bapa ya sentimita 5, brashi bapa ya sentimita 2, brashi laini ya duara ya wastani, brashi nyembamba yenye nywele ndefu kwa ajili ya miguu ya korongo, mswaki wa zamani, kitambaa cha pamba, chupa ya kupulizia maji, na medium angavu ya kulainishia rangi. Haya mengine yanayouzwa ni ya hiari.

Kuandaa kanvasi

Hata kanvasi iliyotiwa jeso, yaani rangi nyeupe ya kutangulizia, kiwandani hufaidika na tabaka moja au mawili ya ziada. Paka la kwanza kwa mlalo, liache likauke, lisugue kwa msasa laini, kisha paka la pili kwa wima. Baada ya hapo ifunike kanvasi yote kwa rangi nyepesi ya oka iliyochanganywa na majenta kidogo, iliyopunguzwa kwa maji na medium. Weupe wa kanvasi tupu hudanganya jicho na kufanya kila rangi ionekane nzito, ilhali tabaka hili la joto litachungulia baadaye kupitia bluu za ukungu na kuzipa uhai. Hamisha mchoro kwa chaki, ukiweka mistari michache tu: upeo, vilima, mihimili ya miguu.

Anga na ukungu

Hapa ndipo picha inapofaulu au kufeli. Changanya kwanza mafungu manne ya rangi kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia), ya kutosha na ya ziada, kwa kuwa akriliki haikupi muda wa kurudi kuchanganya katikati ya kazi. Fungu la karibu na upeo liwe nyeupe yenye oka kidogo na chembe ya majenta. La pili liwe na majenta zaidi. La tatu liingize ultramarini. La nne, la juu kabisa, liwe ultramarini yenye nyeupe na amba kidogo ili isipige kelele. Paka sampuli kwenye karatasi na usubiri ikauke, kwani akriliki hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi.

Nyunyizia kanvasi maji kidogo, kisha paka kwa brashi pana kwa mlalo, kutoka upeo kwenda juu, kila fungu likiingia ndani ya lile lililotangulia. Mara moja, kabla unyevu haujaondoka, pitisha brashi safi iliyo kavu kwa mipigo miepesi inayokatana, hadi mipaka ipotee. Tabaka la kwanza litakuwa na mabaka, usihangaike nalo. Liache likauke na urudie. Anga nzuri ya akriliki mara chache hupatikana kwa tabaka moja.

Vilima vya mbali vinafuata. Hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko wa nyekundu, na kwa sababu hiyo kitu chenye giza kikiwa mbali huelekea bluu na kupauka, wakati kitu cheupe kikiwa mbali huelekea manjano au waridi. Basi kilima cha mwisho kabisa kichore kwa rangi ya anga iliyo nyuma yake pamoja na ultramarini na majenta kidogo tu, kiasi kwamba ukikunja macho karibu kipotee. Kinachofuata mbele yake ongeza giza kidogo, na kinachofuata ongeza tena na utie amba. Vilima vinne vinatosha. Kila kimoja kiwe na ukingo wa juu unaosomeka na mguu unaoyeyuka: kabla rangi haijakauka, ifute sehemu ya chini kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikishakauka chukua brashi laini karibu kavu yenye nyeupe iliyochafuliwa na rangi ya anga, uisugue kwa mizunguko midogo juu ya mguu wa kilima. Ukungu ukifanywa kwa nyeupe tupu hugeuka chokaa. Hata mahali panapong'aa zaidi katika picha hii, nyeupe iwe na kitu ndani yake.

Fanya subira kati ya tabaka na tabaka. Ukungu unaoaminika ni matabaka matano au sita ambayo kila moja, likitazamwa peke yake, halionekani kufanya lolote.

Korongo

Anza na aliye mbali kabisa. Rangi yake iwe kiwango kimoja tu chini ya anga iliyo nyuma yake, bila jicho, bila manyoya, umbo tupu. Jaribio zuri ni kuuliza kama umbo hilo peke yake, likijazwa rangi moja, lingetambulika kuwa ni ndege anayetembea; kama halitambuliki, maelezo ya ndani hayatalisaidia. Wa pili ongeza kiwango na uanze kutofautisha upande wa mwanga na wa kivuli. Wa tatu, aliye karibu, ndiye atakayebeba maelezo, naye miguu yake ianze kwenye maji chini ya upeo na kichwa chake kifike karibu na ukingo wa juu, kikiacha nafasi ndogo ya anga ya kupumulia.

Miguu ichorwe kwa brashi yenye nywele ndefu na rangi iliyopunguzwa hadi itiririke kama wino. Simama, shika brashi mbali na ncha, na uvute mstari kwa bega badala ya vidole, kwa mpigo mmoja kutoka mwilini hadi kwenye kifundo, na mwingine kutoka kifundo hadi majini. Mguu uliovutwa kwa vipande ishirini vya sentimita moja moja hutetemeka, na mtazamaji atasoma woga wako badala ya utulivu wa ndege. Fanya mazoezi kwenye gazeti kwanza. Kisha, mguu ukikauka, pitisha ukungu wako wa brashi kavu katikati yake, hadi kipande kidogo kitoweke kabisa.

Kwenye mwili kuna mtego. Mwanafunzi anayependa ndege hutaka kuchora kila unyoya, na anapofanya hivyo korongo mkubwa kuliko miti hupungua ghafla akawa ndege wa kawaida aliyetua karibu na dirisha, kwa sababu manyoya yanayohesabika ni ishara ya ukaribu. Kadiri mnyama alivyo mkubwa ndivyo maelezo yake yanavyopaswa kuwa madogo na mafifi. Gawa bawa katika makundi matatu ya giza na mwanga, weka mipigo michache kwenye ukingo unaopokea jua, na uishie hapo. Jicho ni nukta ya giza. Tone la mwanga ndani yake likiwepo, liwe dogo kuliko unavyotamani.

Mwanga wa alfajiri unatoka upande mmoja, na upande huo hautabadilika kwa ajili ya kiumbe chochote. Ndege, miti, swala na hata mawe madogo yapokee mwanga kutoka pembe ile ile. Mtazamaji atakusamehe ndege wa mita hamsini, lakini vivuli viwili vinavyopingana hatavisamehe, hata asipojua kilichomkera.

Maji na sehemu ya mbele

Taswira ya kitu majini hushuka wima moja kwa moja chini ya kitu chenyewe. Vitu vyenye giza huakisiwa vikiwa vimepauka kidogo, na vyenye mwanga huakisiwa vikiwa na giza kidogo, kwa hiyo maji siku zote yana tofauti ndogo za mwanga kuliko nchi kavu. Vuta rangi za anga kwenda chini kwa brashi bapa, zikiwa mbichi, kisha pitisha brashi kavu kwa mlalo mara moja au mbili. Kuzunguka mguu wa korongo weka viwimbi vya duara vilivyobapwa sana, vyembamba na vingi. Kiwimbi kimoja kinene kitakuambia kuwa mguu ni fimbo iliyochomekwa kwenye dimbwi.

Sehemu ya mbele ndiyo pekee inayoruhusiwa giza la kiwango cha tano na mipaka mikali. Kwa mawe na mizizi yenye kuvu, ipo njia aliyoipenda mchoraji Max Ernst, ya kubana rangi mbichi chini ya kitu bapa na kukivua. Paka rangi nzito ya ultramarini na amba, weka juu yake kipande cha plastiki laini, bonyeza na uking'oe taratibu. Utapata mishipa na matundu yanayofanana na mwamba, sponji la baharini au gome la mti. Yatazame kwa dakika kadhaa kabla ya kuamua ni nini, kisha tumia brashi ndogo kufafanua machache na kuyaacha mengine. Mswaki uliochovywa rangi nyepesi na kukwanguliwa kwa kidole hurusha matone madogo ya umande. Funika anga kwa karatasi kabla ya kufanya hivyo, la sivyo utajifunza kama mimi nilivyojifunza.

Utando wa rangi

Picha ikikauka kabisa, itaonekana kavu na iliyogawanyika. Kinachoiunganisha ni utando, yaani tabaka jembamba mno la rangi angavu (inayoruhusu iliyo chini yake ionekane) lililochanganywa na medium, takriban sehemu moja ya rangi kwa kumi za medium. Watengenezaji wengi huchapa kimraba kwenye mrija: kikiwa kitupu rangi ni angavu, kikijaa rangi hufunika. Majenta na bluu zote mbili zinafaa. Pitisha utando wa ultramarini na majenta juu ya vivuli vyote kwa pamoja, bila kujali kama ni vya ndege au vya miti, na utando hafifu wa oka kwenye kingo zinazopokea mwanga, ukikumbuka kwamba oka si angavu kama hizo nyingine. Vitu ambavyo havikuwa na uhusiano vitaanza kuishi katika hewa moja.

Anayetaka kuigeuza picha hii kuwa ya usiku afahamu jambo ambalo mwanasayansi Mcheki Jan Evangelista Purkyně alilieleza mwaka 1825: mwanga unapofifia, jicho huona nyekundu zikififia kwanza na kuwa nyeusi, huku bluu na kijani zikibaki na mng'ao. Ua jekundu chini ya mwezi linapaswa kuwa karibu jeusi. Punguza ukali wa rangi zote, elekeza mwanga kwenye bluu yenye kijani, na kama kuna rangi ya joto iwe moja tu, ndogo, yenye chanzo kinachoonekana.

Kusahihisha na kumalizia

Igeuze picha iangalie ukuta kwa siku tatu au nne. Ukiirudia, itazame kwenye kioo, kisha juu chini, kisha ipige kwa simu na uondoe rangi ili ubaki na kijivu. Kwenye kijivu ndipo utakapoona kama korongo wa kati amegandamana na kilima, au kama swala wana giza kuliko mguu ulio karibu nao. Mbele ya picha ya ndoto mimi hutafuta pia kitu cha kuondoa. Mara nyingi ni kile nilichokipenda zaidi wakati wa kukichora: kipepeo pembeni, nyota ya ziada, tawi lenye ustadi mwingi lisilo na kazi. Kifunike kwa kipande cha karatasi chenye rangi ya mahali pale, na kama picha inapumua vizuri zaidi, kipake ukungu juu yake.

Swali la mwisho ni la sentensi uliyoiandika nyuma ya kanvasi. Mwite mtu ambaye hajaiona kazi, usimweleze chochote, na usikilize anachokitaja kwanza. Akisema "hawa ndege ni wakubwa namna gani?" sheria yako imesomeka. Akiuliza kwa nini maji yana rangi hii au kwa nini mti umeinama, kuna sheria ya pili uliyoivunja bila kukusudia, nayo irekebishwe.

Vanishi inalinda rangi dhidi ya vumbi na kurudisha kina cha giza kilichopotea wakati wa kukauka. Picha ya akriliki isubiri angalau wiki mbili. Ya mafuta isubiri miezi sita hadi mwaka, kutegemea unene wa rangi. Ilaze kanvasi bapa mahali pasipo na vumbi, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na upake matabaka mawili membamba kwa brashi laini iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, la kwanza kwa mlalo na la pili, likishakauka la kwanza, kwa wima. Kwa picha ya ukungu chagua vanishi isiyong'aa au yenye mng'ao wa wastani, kwa kuwa ile inayong'aa sana huakisi dirisha na taa, na mtazamaji hujikuta anauona uso wake mwenyewe pale ulipokusudia aone bonde.